Jiwe la Kukamulia Jibini

Mukankusi wa Kirolirwe, jirani ya shangazi yangu, alitengeneza jibini, na jibini haishikani bila jiwe zito la kuikamua maji. La zamani lilipopasuka, alipanda kwenye genge la mawe ya mchanga juu ya malisho akachukua jiwe moja bapa. Genge lile limejaa mifupa ya mijusi wakubwa, iliyogeuka mawe kabla binadamu hajakanyaga milima hii ya Masisi, na wachungaji hawaligusi. Lakini Mukankusi alikuwa na haraka. Gaju, ng'ombe wake wa pekee, alikuwa na mimba pevu na amekauka maziwa. Maziwa alikopa kwa majirani, na nyumba nzima ilimsubiri ndama.

Asubuhi alipofunua jibini, jiwe lilikuwa limeiachia alama ya uti wa mgongo, mkia, miguu ya vidole vitano, na kichwa kinachotazama mlango. Mumewe Nzabandora alicheka.

“Iko mujusi tu, Mama Umwali. Jiwe haiumi muntu.”

Kesho yake, kwenye jibini nyingine, kichwa kilitazama zizi.

“Jana ilikuwa inaangalia mulango,” Mukankusi alinong'ona.

“Njo weye uligeuza jiwe,” mumewe akamsingizia.

“Sikuigusa.”

Siku iliyofuata jibini ilitoka laini, haina alama. Akapindua jiwe. Tupu. Mfupa hata mmoja haukuwepo. Na hapo hapo Gaju akalia zizini.

Wakakimbia. Ilikuwa mchana, ukungu umeshuka. Gaju alisimama akitetemeka. Tumbo lilikuwa limenywea. Hakuna damu. Hakuna kondo la nyuma.

“Ndama iko wapi?” Nzabandora aliuliza, sauti chini.

Kwenye matope palikuwa na nyayo pana za vidole vitano. Kando yake, alama za vikwato vidogo. Ndama hakuburutwa. Alitembea.

Walizifuata mpaka gengeni. Nyayo hazikuishia kwenye matope. Zilipanda juu ya mwamba, zikazama ndani yake, hatua kwa hatua, hadi ukuta wa jiwe ulipozimeza. Mukankusi alitia kidole katika kishimo cha kikwato cha mwisho. Kilikuwa kigumu, kikavu, kimeota kuvu la miaka mingi.

Gaju, aliyekuwa amewafuata, aliwapita. Aliinamisha kichwa, akaanza kulamba mwamba, taratibu, kama anavyolambwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Na maziwa yakaanza kumdondoka.