Sarafu Aliyozikwa Nayo Mzee

Rafiki yangu Bruhan wa Jinja, mkusanyaji wa sarafu za Kirumi, si mtu wa kuapa ovyo, lakini haya aliniapia. Alikwenda Mbale kwa Nandutu, aliyefiwa na baba, kuikagua sarafu ya marehemu. Akaikwaruza ukingoni kwa kisu. Rangi ya fedha ikabanduka, chini ikatokea shaba.

“Bandia, dada.”

“Basi tutamzika nayo. Aliipenda.”

Kesho yake jioni, Bruhan akiwa kwake Jinja, umeme umekatika, akasikia kwaru, kwaru, ndani ya kasha lake la sarafu. Akamulika kwa simu. Sarafu yake moja halisi ilikuwa na mkwaruzo uleule. Akampigia Nandutu.

“Tumeshazika, bwana Bruhan. Iko kiganjani mwa baba.”

Kwaru. Mkwaruzo wa pili ukaanza kujichora. Akaukandamiza kwa kidole gumba. Ukaendelea kupita chini yake, polepole, mpana kama ukucha.