Nafasi Moja Mbele ya Mstari

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Mjomba alikuwa ameshafungua madarasa yote kumi na mawili, ameshafagia ukumbi, na ameshagombana na kufuli la maktaba. Kufuli hilo lilikuwa na kiburi kuliko mkaguzi wa elimu. "Leo umeamka na nani?" Mjomba angeliuliza huku akizungusha ufunguo, na mpwa wake, aliyekuwa akipita na kikombe cha chai mkononi, angecheka mpaka chai imwagike.

Mpwa huyo alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na shule nzima ilimwita Mhariri. Mama yake alifariki akiwa mdogo, na tangu hapo Mjomba ndiye aliyekuwa baba, ndiye mama, ndiye mpishi, japo kwenye upishi tusimsifie sana. Waliishi katika chumba kimoja nyuma ya stoo ya shule. Chumba kile kilikuja na kazi ya Mjomba ya utunzaji wa shule. Kazi ikiondoka, na chumba kinaondoka.

Jina la Mhariri lilitokana na wiki ya shule. Hiyo ni tovuti ambayo wanafunzi waliopewa ruhusa waliandika kurasa zake, na mwingine akiona kosa aliingia akarekebisha. Mhariri alikuwa bingwa wa huko. Alijua kwamba ukianza mstari kwa alama ya reli, ile yenye mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala, kompyuta yenyewe itakuwekea namba: moja, mbili, tatu, bila wewe kuhesabu. Alijua kukoleza maneno na kuweka picha. Asichokijua hakukiuliza, maana bingwa haulizi. Hilo ndilo lililomponza.

Siku moja bwana afya alikuja kukagua tangi la maji ya kunywa, akaacha maelekezo ya kulisafisha yameandikwa kwa mkono. Mwalimu wa kompyuta alimpa Mhariri ayachape kwenye wiki.

"Ukimaliza, bonyeza Hakiki uone ukurasa utakavyotokea. Usome wote, mpaka mwisho wa kila mstari," alimwambia. "Halafu ndipo uhifadhi."

"Sawa, mwalimu."

Maelekezo yalikuwa na hatua nne. Mhariri alizichapa haraka. Hatua ya tatu ilikuwa ndefu na ilihusu dawa kali ya kuua vijidudu, akaona si vibaya ijitokeze kuliko zile nyingine. Akaondoa alama ya reli, akabonyeza kitufe cha nafasi mara moja mbele ya mstari ili usogee ndani kidogo. Kengele ya mapumziko ikalia. Akahifadhi bila kuhakiki, akatupa jicho moja kwenye kioo cha kompyuta. Mstari ule ulikuwa umeingia ndani ya kisanduku cha kijivu, na herufi zake zimebadilika kama za mashine ya zamani ya kupigia chapa. Ukampendeza kweli. Akakimbilia uwanjani.

Hakujua kwamba katika wiki, mstari ukianza na nafasi, kompyuta inauacha vilevile ulivyochapwa. Haiukunji hata ukiwa mrefu namna gani. Unakwenda tu kulia, unapita ukingo wa ukurasa, na karatasini unakatwa. Wala hakujua kwamba mstari wa namna hiyo unaikata orodha, na hatua inayofuata inaanza tena na namba moja.

Mwalimu wa kompyuta alichapisha nakala moja, akampa Mjomba bila kuisoma. Jumapili Mjomba alipanda juu ya tangi, karatasi mfukoni, akafanya kila kilichoandikwa. Karatasi ilisema hivi:

1. Mwaga maji yote ya zamani.
2. Sugua kuta za ndani kwa brashi.
Mimina dawa yote, jaza maji mpaka juu, acha usiku mzima
1. Funga mfuniko, fungua bomba la kunywea.

Maneno "kisha mwaga maji hayo yote, suuza mara tatu, jaza maji mapya" hayakuwemo. Yalibaki nje ya karatasi.

Jumatatu saa nne, wanafunzi walitoka uwanjani na kiu, wakayagugumia maji kabla pua hazijawaambia kitu. Wa kwanza alikunja uso. Wa pili alitapika. Kufikia saa tano, watoto kumi na mmoja walikuwa wamelala kwenye mikeka ofisini, wakishika matumbo, na mmoja wa darasa la kwanza, msichana mdogo asiye na meno ya mbele, alikuwa amebebwa kupelekwa hospitali kwa sababu koo lilimwaka na pumzi ilikuwa ikimkatika.

Mhariri alimwona Mjomba amesimama karibu na tangi, ndoo mkononi, midomo imemkauka. Ndipo alipokumbuka kisanduku cha kijivu. Walimu wote walipokuwa wakihangaika na wagonjwa, aliingia chumba cha kompyuta, akafungua ukurasa, akasogeza ule mstari kwenda kulia, na mwisho wake ukajitokeza polepole: suuza mara tatu.

Alilia bila sauti. Kisha akafanya jambo ambalo hata leo hapendi kulikumbuka. Alifuta ile nafasi, akaweka alama ya reli mahali pake, akahifadhi. Hatua zikajipanga moja mpaka nne, mstari mrefu ukajikunja vizuri, ukurasa ukawa safi kama haukuwahi kuwa na dosari. Alijidanganya kwamba amerekebisha. Ukweli ni kwamba alikuwa ameficha.

Kesho yake Mjomba aliitwa kwa Mwalimu Mkuu, mama mmoja mpole ambaye siku hiyo hakuwa mpole hata kidogo. Mwalimu wa kompyuta alikuwepo pia, amekaa karibu na kompyuta ya ofisi.

"Nilifuata karatasi, mwalimu," Mjomba alisema. "Haikusema nisuuze. Ilifika kwenye dawa, halafu ikaanza moja upya. Nikajua usafi umekwisha, sasa ni kazi nyingine, ya kufungulia maji."

"Karatasi iko wapi?"

"Ililowa mfukoni nilipokuwa nafungua bomba. Imekuwa uji. Lakini mpwa wangu ndiye aliyeuandika ukurasa ule. Mwiteni, yeye atawaambia."

Mhariri aliitwa. Alipoingia, Mjomba alimtazama kwa matumaini, na matumaini yale yalimchoma kuliko hasira yoyote. Mwalimu Mkuu aligeuza kioo cha kompyuta. Hatua nne, zimenyooka. Kwenye hatua ya tatu, wazi kabisa: suuza mara tatu.

"Ndivyo ulivyoandika?"

Mhariri alifikiria shule nzima ikimnyooshea kidole.

"Ndiyo, mwalimu," alisema.

Mjomba hakubisha. Alisogea karibu na kioo, akasoma taratibu kwa kidole, akarudia mara ya pili. Kisha akavua kofia yake.

"Basi ni macho yangu," alisema. "Nisameheni. Sijui nilisoma nini."

Aliambiwa akabidhi funguo Ijumaa.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu na za kuchosha roho. Mjomba alipanga vyombo vyao kwenye maboksi, sufuria mbili, vitabu vya Mhariri, nguo zisizojaza hata begi. Hakutania tena kufuli la maktaba. Jioni alikaa kitandani na gazeti kuukuu, akasoma kichwa cha habari kwa sauti, kisha akamwuliza mpwa wake, "Imeandikwa hivyo kweli?" Mhariri aliitikia kwamba ndivyo. Akasoma kingine, akauliza tena. Alikuwa anajipima, kwa kuwa hakujiamini tena.

Jumatano alikwenda hospitali kumwomba radhi mama wa yule mtoto. Alirudi mapema.

"Hakunifungulia mlango," alisema akivua viatu. "Na ana haki yake. Mtoto bado anapewa hewa kwa mpira. Mimi ndiye niliyefanya hivyo, mwanangu. Kwa mikono yangu hii." Aliitazama mikono yake kama vitu alivyoazima.

Mhariri aligeukia ukutani. Alijiambia kwamba kama angesema, angemwumiza Mjomba zaidi. Kisha akajiambia kwamba huo ni uongo mwingine, na kwamba ameshachoka kujisikiliza. Hakuona njia. Akisema, anaangamia; akinyamaza, Mjomba anaangamia, naye yuko palepale akimtazama.

Alhamisi asubuhi alimkuta Mjomba kwenye mlango wa darasa la tano, amesimama na karatasi ya ratiba. Alikuwa amemsimamisha mtoto wa darasa la pili.

"Hebu nisomee hapa, babu," alikuwa akimwambia mtoto. "Nataka nione kama tunaona sawa."

Mtoto alicheka, akidhani ni mchezo. Mhariri hakuweza kuendelea kutazama. Alikimbia mpaka chumba cha kompyuta, akamkuta mwalimu akifuta vumbi kwenye kibodi.

"Shikamoo, mwalimu. Ukurasa wa tangi si ule niliouandika kwanza. Niliubadilisha Jumatatu, watoto walipokuwa wameshaumwa. Mjomba alisoma sawasawa."

Mwalimu aliweka kitambaa chini. "Unasema nini?"

"Bonyeza Historia."

Wiki haisahau. Kila unapohifadhi, inatunza ukurasa ulivyokuwa, jina la aliyeandika na saa. Mwalimu alibonyeza. Kulikuwa na mistari miwili tu, yote ya Mhariri: mmoja wa juma lililopita, mmoja wa Jumatatu saa tano na dakika arobaini. Alifungua ule wa kwanza, kisanduku cha kijivu kikatokea. Akachapisha. Karatasi ilitoka polepole, na wote wawili wakaona mstari ulivyokatwa kwenye ukingo, na namba moja ilivyoanza upya chini yake.

Mwalimu alikaa. Alisugua uso kwa viganja.

"Nafasi moja," alisema. "Na mimi niliishika karatasi hii kwa mkono wangu, nikampa mtu bila kuitazama. Ningeweza kufungua Historia tangu Jumanne. Sikufungua. Niliona rahisi zaidi kuamini kwamba mfagiaji hajui kusoma."

Walikwenda kwa Mwalimu Mkuu, na Mjomba akaitwa. Mwalimu wa kompyuta alieleza sehemu yake bila kuikwepa. Mhariri naye alisema yote, kuanzia kengele ya mapumziko mpaka "Ndiyo, mwalimu." Sauti ilimkatika mara mbili, lakini alirudi akamalizia. Mwalimu Mkuu alisimama, akamwomba radhi Mjomba mbele yao wote, akamwambia funguo abaki nazo. Kuhusu Mhariri, alisema hatagusa wiki mpaka muhula uishe, na Jumatatu asubuhi atasimama mstarini aieleze shule kilichotokea. Tangu siku hiyo, hakuna ukurasa wa dawa wala wa chakula utakaochapishwa kabla watu wawili hawajausoma kwenye karatasi, mmoja wao akiwa mwalimu.

Mjomba alishika ile karatasi iliyochapishwa, akaisoma mpaka chini. Hakufurahi. Machozi yalimtoka tu, akayafuta kwa kofia.

Mchana ule alimwambia mpwa wake avae viatu. Walitembea kuelekea hospitali, na kwenye duka la kona Mjomba alisimama.

"Ile nafasi uliyoweka ni kosa, na kosa hata mimi nafanya," alisema. "Ungekuja Jumatatu, ningekugombeza, tungelia, yakaisha. Kilichoniumiza si hicho. Uliniacha siku tatu nikiyakana macho yangu mwenyewe. Nilikuwa naogopa hata kusoma jina langu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mjomba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza, mwanangu. Ukikosea, watu wanaumia kwa kosa lako. Ukificha, unamtafutia mwingine wa kulibeba, na mara nyingi utampata yule anayekupenda, kwa sababu ndiye asiyekushuku. Kazi isomwe mpaka mwisho kabla haijatoka mkononi mwako. Na ikishaharibika, sema siku ileile."

Mtoto alikuwa amelazwa katika chumba cha peke yake, mwisho wa wodi ya watoto. Muuguzi aliwaambia kwamba mtoto ametolewa mpira asubuhi, anapumua mwenyewe, ila bado hajaweza kumeza kitu zaidi ya maziwa. Mjomba alinyoosha mkono abishe hodi. Mhariri akamtangulia.

Mlango ulifunguliwa kidogo. Mama wa mtoto, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimwona Mjomba nyuma, akaanza kuufunga tena.

"Shikamoo, mama," Mhariri alisema upesi. "Si yeye. Ni mimi niliyeandika vibaya, halafu nikaficha. Yeye alisoma kilichokuwepo."

Yule mama aliacha kuufunga. Hakutabasamu, wala hakusema kwamba amesamehe. Alimgeukia Mjomba, akamtazama na yeye, kisha akausukuma mlango ukawa wazi.

"Karibu, kaka," alimwambia Mjomba. Halafu akamwambia Mhariri, "Na wewe ingia. Umwambie mwanangu, wewe mwenyewe."