Waya Juu ya Mitumba

Suruali ilikuwa moja, mikono iliyoikamata miwili. Mmoja ulikuwa wa mwanamke aliyevaa viatu vya kazi, vile vizito vya ncha ya chuma. Wa pili ulikuwa wa muuzaji mwenyewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amelifungua belo la nguo za mitumba na alitaka kuichomoa suruali ile kabla wateja hawajaiona. Kila upande watu walikuwa wameinamia lundo, wakifukua na kutupa nguo kama kuku wanaopekua takataka.

"Hiyo ina mwenyewe, dada," muuzaji akasema.

"Mwenyewe ndiye huyu aliyeishika."

Muuzaji akamtazama vizuri, kisha akaachia. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, na katikati ya vumbi lile la ghorofa ya pili shati lake jeupe lilikuwa limenyooka mikono hadi kola. Wenzake walimwita Pasi. Wengine pale waliuza nguo kama zilivyotoka kwenye belo, yeye alizifua, akazipiga pasi na kuzitundika, hata mtu akadhani amefika duka la vioo.

Mwanamke alikuwa fundi umeme. Kazi yake ilikuwa kupitisha nyaya kwenye nyumba za watu, na mshahara wake ulitosha kodi, chakula na nauli. Nguo ilibidi zijipenyeze zenyewe humo katikati. Shangazi yake, aliyemlea, ndiye aliyemwelekeza kwenye jengo lile la mitumba. Alimwambia aende Jumanne asubuhi, siku ya kufungua mabelo, na kwamba suruali nzuri ya pale itadumu hadi imzike. Walicheka wote wawili.

Pasi alisema hamruhusu mteja kuondoka na nguo yenye mikunjo, hivyo akachomeka pasi yake. Papo hapo taa zote za upande ule zikafifia. Mwanamke akainua macho. Waya mmoja mwembamba ulitoka kibanda hadi kibanda, umeungwa kwa vipande vya mfuko wa plastiki, umelala juu ya makoti na magauni. Akanyoosha mkono akaugusa, akaurudisha haraka.

"Waya huu unalisha vibanda vingapi?"

"Vyote vya ghorofa hii. Tunaishi kwa kushirikiana."

"Waya wako una homa," mwanamke akasema. "Waya haupaswi kuwa na joto la mgonjwa."

Pasi akacheka, akamkunjia suruali. Alipoomba namba yake ya simu alidai ni kwa ajili ya kumwarifu belo zuri likija. Alimpigia jioni ile ile, na hakukuwa na belo lolote.

Basi Jumanne zikawa zao. Pasi alimfundisha kuchagua: geuza nguo nje ndani uone mishono, iinue mbele ya dirisha uone ilipochakaa, vuta zipu mara tatu, nusa kwapani kabla hujaipenda. Alimwonya asinunue rangi. "Rangi ni maneno matamu, Fundi wangu. Kitambaa ndiyo tabia." Naye Fundi humuuliza, je, yeye Pasi ni rangi au kitambaa, na Pasi humjibu kuwa avute zipu ya maneno yake mara tatu aone kama itakwama.

Kibanda cha jirani kilikuwa cha mama mmoja mnene, mjane, aliyeuza nguo za watoto. Wote walimwita Mama Vitoto. Yeye alimwita Fundi mkwe tangu siku ya pili, akasema afadhali amekuja, maana Pasi alikuwa ameanza kusalimiana na mashati. Alimkalisha juu ya belo lake, akamuuliza mambo ya kwao, akamchagulia blauzi mbili.

Lakini kila Fundi alipopanda pale, macho yalimtoka penzini yakaenda darini. Aliona ngazi ya nyuma imefungwa kwa geti la chuma lenye mnyororo, na mabelo yamepangwa mbele yake hadi kimo cha mtu. Alisikia harufu ya plastiki iliyopata moto. Wengine walikuwa wameizoea kiasi kwamba walidai haipo. Kila alipomtajia Pasi, Pasi alimshika mkono, akamwambia kuwa kazi yake imemharibu macho, kwamba hata daktari akienda harusini huona wagonjwa tu.

Jumanne moja aliikuta soketi ya Pasi imekuwa nyeusi kama chungu. Siku hiyo hakuchagua nguo. Alimwendea mwenyekiti wa wafanyabiashara, akamweleza kwa adabu. Mwenyekiti akamsikiliza huku akisoma simu yake, halafu akamuuliza ametumwa na nani, kwani walikuwapo watu wengi wenye hamu ya kuwaondoa pale. Fundi akashuka ngazi. Jioni hiyo aliandika barua kwenda ofisi ya umeme, na asubuhi akaipeleka mwenyewe.

Mafundi wa ofisi walikuja siku nne baadaye, wakakata umeme.

Angeweza kukaa kimya. Alipanda. Ghorofa nzima ilikuwa giza mchana, watu wakimulikia wateja kwa simu, na pasi ya Pasi imelala baridi juu ya meza. Walikuwa wakiulizana ni nani aliyewachongea. Fundi akasimama mbele ya meza ile, akasema ni yeye.

Hakuna aliyepaza sauti. Pasi ndiye aliyenena, tena polepole.

"Ungeniambia."

"Nimekuambia mara nne."

"Uliniambia hatari. Hukuniambia kwamba utawaita. Hawa watu ni ndugu zangu, nao wamekujua kwa ajili yangu. Sasa nitawatazama vipi?"

"Watazame wakiwa hai."

Pasi akageuka, akaanza kukunja mashati ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa. Fundi akashuka. Alipiga simu jioni, ikaita hadi ikachoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu alimwandikia ujumbe akaufuta. Shangazi alimwona anavyokula kama anayetimiza wajibu, akamwambia kwamba mwanamume aliyenuna ni kama nguo iliyoloa, huachwa ikauke yenyewe. Fundi alitamani kuamini.

Wiki ya tatu simu ikaita, akaiwahi akidhani ni Pasi. Alikuwa Mama Vitoto.

"Mkwe, taa zimerudi. Kuna mtu amevuta waya kutoka nguzo ya nyuma. Watu wanashangilia." Akatua. "Mimi ndiyo nimeanza kuogopa. Woga huu umenitia wewe."

Fundi akamsihi ahamishe nguo zake, hata zikae nyumbani siku chache. Mama Vitoto akauliza watoto wake wa mitumba awapeleke wapi, chumba chake hakitoshi kugeukia. Wakaagana. Fundi alikaa na simu mkononi, hatimaye akamwandikia Pasi: *Usinijibu. Ila kikitokea kitu, watu wote watakimbilia ngazi ya mbele na haitawatosha. Kata mnyororo wa ile ya nyuma. Kata leo, usingoje kesho.*

Pasi hakujibu.

Jumamosi, saa sita na nusu mchana, Fundi alikuwa juu ya ngazi anafunga taa kwenye sebule ya mtu, akaona moshi dirishani upande wa sokoni. Ulikuwa mweusi, mzito, ukipanda wima kana kwamba una haraka. Hakuuliza ni wapi. Alishuka akaacha vifaa vyake sakafuni.

Barabara ya jengo ilikuwa imejaa watu waliovaa makoti matatu matatu katika jua lile, wengine na magauni juu ya suruali. Walichoweza kuokoa walikuwa wamekivaa. Dirisha moja baada ya jingine likapasuka. Alimpigia Pasi, simu imezimwa. Akapita akimuuliza kila aliyemtambua. Muuza mikanda mmoja, aliyekataa kumsalimia siku umeme ulipokatwa, ndiye aliyemshika bega akamwonyesha nyuma ya jengo. Alimweleza kwamba asubuhi Pasi alikuja na msumeno wa chuma, akahamisha mabelo na kukata mnyororo. Walimwambia mapenzi yamemtia wazimu. Sasa nusu ya watu wa ghorofa ile walikuwa wametokea getini hapo.

Alimkuta amekaa ukingoni mwa barabara, mikono imefungwa kwa nguo, uso umejaa masizi. Shati jeupe lilikuwa halina mikono tena. Fundi akapiga magoti mbele yake. Pasi hakumtazama.

"Nilimtoa," akasema. "Nilimshika mkono nikamshusha mpaka chini. Nikageuka kumwita mwingine. Akarudi juu kufuata nguo zake."

Fundi hakuhitaji kuambiwa ni nani.

Walimzika Mama Vitoto siku ya tatu. Fundi alisimama nyuma kabisa, kwa sababu hakujua watu wa sokoni wangempokea kwa uso gani. Dada wa marehemu akamwona, akauliza kama ndiye yule mkwe wa umeme. Akamshika mkono, akampitisha mbele ya watu wote, akamketisha juu ya mkeka pamoja na wafiwa. Ndipo Fundi alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Baada ya maziko Pasi alimfuata hadi kwenye ukuta wa nyumba ile. Mikono yake ilikuwa na bandeji hadi viwikoni. Alimwomba msamaha, naye Fundi akamjibu kuwa alishamsamehe kabla ya moto. Akadhani yamekwisha. Pasi hakuondoka.

"Waya mpya ulipita juu ya kibanda changu," akasema. "Walitafuta mahali pa kuupitisha, kila mtu akakataa. Mimi nikakubali. Nilitaka waone kwamba sikuwa upande wako. Moto ulianzia hapo, niliuona kwa macho yangu. Hakuna anayejua isipokuwa aliyeuvuta, naye amehama mji."

Fundi akahisi ukuta umemwegemea badala ya yeye kuuegemea. Huko ndani wanawake walikuwa wakiendelea na maombolezo.

"Na kamati ya uchunguzi?"

"Inaita watu Jumatatu. Wananiita shujaa wa geti."

"Utawaambiaje?"

Pasi akatazama bandeji zake. Fundi alimpenda wakati ule kuliko siku zote, na alimwogopa pia, kwa jinsi alivyokuwa anaweza kuchagua kunyamaza.

"Sikulazimishi," akamwambia. "Lakini siwezi kulala kando ya jambo hili miaka yote na kuliita mume."

Jumatatu asubuhi aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye ofisi za kamati. Alimkuta Pasi tayari yuko kwenye benchi la nje, amevaa shati la kuazima lililombana mabegani. Akaketi kando yake. Pasi alipoitwa aliinuka, akaingia, mlango ukafungwa. Fundi alikaa pale akihesabu vigae vya sakafu, akavirudia, akavirudia tena. Alisikia sauti ya Pasi kupitia mlangoni, tulivu, ndefu, bila kupanda. Kisha sauti nyingine, kali. Kisha viti vikaburutwa.

Alitoka karibu na adhuhuri na karatasi imekunjwa kati ya vidole.

"Nimesema yote. Wamenikataza kutoka mjini. Alhamisi ya wiki ijayo nipo mahakamani." Akaketi, akaacha nafasi ndogo kati yao. "Mwenyekiti naye ameitwa, lakini hilo halinipunguzii. Huenda wakanifunga, Fundi. Nilikuwa nimepanga kukuposa, tena nilikuwa na maneno mazuri. Sasa sina changu, hata shati hili ni la kuazima. Nenda zako. Sitakulaumu."

Fundi aliitazama karatasi ile. Akaichukua, akaisoma yote, akaikunja vizuri na kuiweka kwenye mkoba wake mwenyewe.

"Jumapili baba yangu mdogo yupo nyumbani kwa shangazi, ndiye anayepokea posa," akasema. "Njoo saa nne. Atakuuliza unafanya kazi gani, utamwambia huna. Atakuuliza mengine, nayo utamwambia vivyo hivyo, kama ulivyowaambia hawa."

"Akikataa?"

"Atakataa. Halafu mimi nitazungumza naye."

Wakainuka. Nje jua lilikuwa kali, na upepo ulikuwa bado unaleta harufu ya nguo zilizoungua. Walitembea polepole kwa ajili ya mikono yake, ambayo haikuweza kushikwa, hivyo Fundi alimshika mshipi wa suruali kwa nyuma, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Alhamisi ilikuwapo mbele yao. Jumapili ilitangulia.