Kiganja cha Udongo

Kila alasiri Profesa alivua sare ya shule, akaosha vyombo, kisha akamwagilia mboga nyuma ya nyumba. Jina hilo alipachikwa na mdogo wake wa miaka sita, maana kila alichofundishwa darasani alikuja kukijaribu nyumbani.

Siku hiyo mdogo wake alikuwa akirukaruka peku matutani, akakanyaga kipande cha bati. Damu ikachuruzika. Mama yao, fundi cherehani, alikuwa bado kazini.

"Nyamaza, usilie," Profesa alimbembeleza. "Leo mwalimu katwambia dawa nyingi za kuua vijidudu zimetokana na bakteria wa udongoni. Kumbe dawa tunaikanyaga kila siku!"

Akachota kiganja cha udongo, akaushindilia kwenye kidonda, akakifunga kwa kitambaa safi. Jioni mama alipouliza, Profesa alijibu kwamba amekiosha kwa sabuni. Mama akamshukuru, wala hakukifungua.

Baada ya siku chache mguu ulivimba hadi kwenye kifundo. Mtoto alichemka kwa homa, akawa haitambui hata sauti ya mama yake. Mama alimbeba mgongoni, akakimbia naye hospitali. Profesa aliwafuata mbio.

"Kidonda kiliingiwa na kitu chochote?" daktari aliuliza.

"Hapana, daktari," mama alijibu. "Dada yake alikiosha vizuri. Huyu namwamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe."

Profesa alitamani ardhi ipasuke immeze. Akisema, mama hatamwamini tena. Asiposema, je? Alimtazama mdogo wake, midomo imemkauka, anahema kwa shida.

"Niliweka udongo!" alisema, akaangua kilio. "Sikuosha. Nilikudanganya, mama."

Daktari hakupoteza muda. Alikifungua kidonda upya, akatoa uchafu uliojificha ndani kabisa, akamdunga mtoto sindano ya kumkinga na pepopunda, kisha akamtundikia dripu ya dawa.

"Sasa tungoje," alisema. Hakuahidi kitu.

Walingoja kwenye benchi, mama akiwa amempa Profesa mgongo, Profesa akilia hadi machozi yakamkauka. Kesho yake homa ikaanza kushuka.

"Mwalimu wako hakukosea," daktari alimwambia Profesa. "Hata dawa hii ya dripu asili yake ni bakteria wa udongoni. Ila udongo huohuo una bakteria wa pepopunda pia. Wataalamu huchukua miaka kuwatenga wanaofaa, kuitoa dawa yao, kuisafisha na kuipima. Wewe uliwaweka wote kwa mpigo! Siku nyingine osha kwa maji safi na sabuni, umwite mtu mzima. Na ukikosea, sema mapema. Ungeendelea kuficha, nisingejua cha kutafuta ndani ya kidonda kile."

Kitandani, mgonjwa alifumbua macho.

"Profesa," alisema kwa sauti dhaifu, "mkifundishwa kuhusu moto, mimi nahama nyumbani."

Mama alicheka huku machozi yakimtoka, akamvuta Profesa kifuani.