Zimwi Lililovaa Koti la Obedi

Ilianza na harufu. Josephine alifungua mlango wa nyumba yake pale Vårby gård, huku Uswidi, hasira za kazini bado hazijamtoka, akapigwa na shombo la samaki wabichi. Nani kaleta samaki? Humo ndani samaki walipigwa marufuku tangu mume wake Obedi alipoazima boti kwenda kuvua ziwa Mälaren. Boti ilikutwa ikielea. Obedi hakuonekana, si mzima, si maiti.

Sebuleni taa haikuwa imewashwa, na nje giza lilishashuka, maana Oktoba ya huku haingoji jioni ikomae. Kando ya dirisha alisimama mwanamume. Josephine akapiga yowe.

"Men mamma!" Binti yake Elise aliwasha taa huku anacheka, akaendelea kwa Kiswidi chake cha siku zote. "Ni zimwi tu. La Halloween. Kuna mashindano ya vinyago vya kutisha Jumamosi, hapo uani."

Zimwi! Mtoto alikuwa amekunja wavu wa kuku ukawa kiwiliwili, akaushindilia magazeti, akapika uji wa ngano wa kubandikia karatasi juu ya puto, likawa kichwa chenye meno. Kazi nzuri, tusimnyime haki yake. Lakini lilivaa koti la Obedi, suruali ya Obedi, buti za Obedi, na kimo lilikuwa limemfikia Obedi sawasawa.

"Nani kakupa ruhusa ya kugusa nguo za baba yako?"

"Zinakaa tu kabatini," Elise alisema. Kicheko kilikwisha. "Kila siku unasema atarudi. Mbona hata jina lake hutaki nilitaje?"

Josephine alitaka kulirarua papo hapo. Elise akalikumbatia, akalia kilio ambacho mama yake hakuwahi kumsikia akilia tangu msiba, kama ule ulikuwa msiba, maana Josephine alikataa katakata usiitwe hivyo. Kwao Obedi, huko Bukoba, mtu wa ukoo wao akizama na mwili usipatikane, hukata mgomba wenye kimo chake, wakauvisha nguo yake, wakauzika, watu wakalia, mambo yakaisha. Mama mkwe aliwahi kupiga simu akiomba shati moja tu. Josephine alimrukia: "Mume wangu si ndizi! Mnataka kumzika ili mgawane shamba lake!" Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Basi akakubali zimwi likae hadi Jumamosi. Roho ilimuuma, lakini akaliacha.

Kesho yake buti zilikuwa zimesimama ndani ya dimbwi la maji meusi. Akamfokea Elise, Elise akaapa hajui lolote. Akadeki. Alipotoka kazini siku iliyofuata, zimwi halikuwa dirishani tena, limesimama nje ya mlango wa chumba cha Elise.

"Unanichezea akili, siyo? Nimechoka, Elise! Nimechoka mimi!"

"Sijaligusa, mama," Elise alijibu kwa upole.

Kwa Kiswahili. Yeye ambaye kila akisemeshwa hujibu Kiswidi.

Ijumaa alikuta mlango wa chumba cha mtoto umefungwa, na zimwi halimo sebuleni, na shombo limekolea mpaka macho yanawasha, na nyuma ya mlango ule Elise ananong'ona, ananyamaza, ananong'ona tena, na kila anaponyamaza sauti nyingine inamjibu, nzito, yenye kikohozi kifupi katikati ya maneno, kikohozi ambacho Josephine alilala nacho kitanda kimoja miaka yote ya ndoa yake. Akausukuma mlango.

Elise alikaa kitandani, ameshikwa mkono na zimwi. Vidole vya karatasi vilikuwa vimeufumbata.

"Baba anasema kule chini kuna baridi," alinong'ona. "Anataka nimsindikize ziwani."

"Weee!" Josephine alilivamia zimwi, akalikaba ukosi. "Umetuacha na mahangaiko, simu huna, kaburi huna, leo unarudi kunichukulia mtoto? Huna haya?" Akavuta kwa nguvu zake zote, na kile kitu cha magazeti na uji hakikutikisika hata kidogo, kilikuwa kizito kuliko mtu, na ndani ya koti kitu kilikuwa kinapumua.

Alipoona nguvu hazimsaidii, akakimbilia bafuni na simu, akampigia mama mkwe. Hasira aliimeza kama dawa chungu.

"Mama, nisamehe. Obedi yuko hapa. Amekasirika kwa sababu sikukubali azikwe. Kateni mgomba leo hii, nawaomba, mzikeni aniachie mtoto wangu!"

Mama mkwe alijibu kutoka Bukoba.

"Josephine, tulishamzika. Mwaka jana. Shati ulitunyima, tukauvisha mgomba joho lake la kwaya. Hatukukwambia kwa sababu ya yale matusi yako. Mwanangu amepumzika, hajatusumbua hata siku moja."

"Sasa huyu aliyeingia kwenye zimwi la magazeti alilojenga Elise, akalivisha nguo za Obedi, ni nani?"

"Mmejenga umbo la mtu, mkalivisha, mkaliacha tupu. Unadhani majini yanapita hapo yasiingie? Huyo si wetu." Sauti ya bibi ilishuka. "Elise yuko wapi?"

Josephine alitoka mbio. Kitanda kitupu. Mlango wa nje wazi. Kwenye ngazi buti ziliacha alama za maji, na pembeni yake nyayo ndogo za miguu mitupu. Chini, mlango wa jengo ulikuwa unafunguliwa.

"Elise!" alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. "Elise, rudi! Huyo si baba yako!"

Sauti ya binti yake ilipanda kutoka gizani, tulivu.

"Najua, mama. Lakini huyu amekuja."