Kipande cha Kumi na Mbili

Mtaani tulimwita Mama Gundi, na jina lilimkaa. Kwake hakitupwi kitu. Sahani ikipasuka anaosha vipande, anavikausha, anaviandika namba kwa penseli, ndipo anaunga. Jumamosi ile mchana binti yake wa pekee, mtoto wa miaka minane, aliteleza jikoni, akaanguka na kikombe chake cha maua. Kikombe kikavunjika. Mtoto akainuka, akajipangusa, akacheka.

“Pole mwanangu. Umeumia?”

“Wala! Ila kikombe changu, mama.”

“Hicho kazi ndogo. Kitarudi kama kilivyokuwa.”

Vipande vilikuwa kumi na kimoja. Akaviunga mpaka kikombe kikasimama kizima, hakina hata tundu la sindano. Lahaula! Juu ya gazeti kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Maua yaleyale, weupe uleule. Mwingine angekitupa. Yeye, kwa ubishi wake usio na dawa, akakiandika 12, akachukua msasa, akaanza kukipunguza kingo ili kipate pa kuingia. Akasugua, akapuliza unga.

Chumbani mtoto akapiga ukelele.

“Nini tena?”

“Kichwa, mama.”

“Lala kidogo, nakuja.”

Akasugua tena mara tatu. Mtoto akalia mara tatu.

Akautupa msasa, kipande kikabaki mkononi. Akakimbilia chumbani, akafunua nywele nyuma ya sikio la mwanawe. Palikuwa na tundu. Damu hakuna. Kingo nyeupe, kavu. Umbo lile alilijua.

“Mama,” mtoto akanong'ona, “hapa panapita baridi.”

Akakipachika kipande. Kikaingia. Kikacheza. Msasa ulikuwa umekula unene wa uzi tu. Akarudi mbio mezani kuukusanya ule unga. Ah, si alishaupuliza! Akajaza gundi, akabana kwa kiganja, akamlilia Mungu. Joto la mtoto likazidi kutoka, analisikia likipita katikati ya vidole. Kabla jua halijazama, mtoto alikuwa wa baridi.

Shangazi wa marehemu ndiye aliyemwosha. Alitoka na kitambaa mkononi, akamvuta mama mtu pembeni.

“Wifi,” akanong'ona, “nani kamwandika mtoto?”

Nyuma ya sikio ngozi ilikuwa nzima, haina tundu wala kovu. Ilikuwa na namba 12, kwa penseli, mwandiko wa Mama Gundi mwenyewe. Shangazi alikuwa ameisugua kwa sabuni mara tatu, na haikutoka.