Aliyebaki Kijitoni

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Guatemala, Mwalimu Ionie alipotoka shuleni mbio. Madaftari arobaini na mawili kwapani, simu sikioni. Saa kumi na mbili alitakiwa awe kwa mzee Eulogio, anakojifunza Kihispania, na tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Mtu mmoja, kazi za watu watatu. Huo si ushujaa, ni ujinga, lakini nani amwambie Mjamaika huyu?

"Mama, uliahidi kuniimbia leo," alisema mwanawe Kerrian kutoka Jamaika. Ana miaka tisa, analelewa na nyanya yake.

"Baadaye, roho yangu. Mama ana haraka."

Pale kijitoni wanapofulia wanawake, mguu ukateleza. Puu! Chali. Harufu ya sabuni na matope. Simu ikakatika.

Maji yakanyamaza.

Akainuka, akaokota madaftari, akaenda zake. Kule milimani, mtoto akianguka mama yake humwita jina papo hapo: "Twende, usibaki." Maana roho ikishtuka hukaa palepale. Ionie hakuita kitu.

Wiki ile hakupata usingizi. Chakula kikawa majivu mdomoni. Mwenye nyumba wake, bibi Nicolasa, alimtazama mara moja tu.

"Mwalimu, uko nusu wewe. Ulianguka wapi?"

"Kijitoni. Uchovu tu, bibi."

"Mchovu hana macho kama hayo. Jioni twende tukaiite roho yako."

"Jioni nasahihisha mtihani. Huwezi kwenda na kitambaa changu, ukaniitie?"

"Lo! Hata kuichukua roho yako unatuma mtu?"

Bibi akaenda. Alipiga maji kwa tawi, akaita mara tatu kwa jina alilolijua. Na mji mzima ulijua moja tu.

"Mwalimu! Twende. Usibaki."

Kitu kikatoka majini, kikamfuata. Chapa... chapa... chapa... Bibi hakugeuka. Mwenye akili hageuki.

Asubuhi Ionie aliamka mzima. Watoto darasani waliogopa hata kukohoa. Mzee Eulogio alipomsalimu njiani, Ionie alimsahihisha salamu. Kihispania cha mzee mwenyewe!

Jumapili Kerrian akapiga simu.

"Mama, nimekukumbuka."

Ionie alitaka kusema *roho yangu*. Mdomo ukasema:

"Kaa wima. Fungua ukurasa wa tisa."

"Mama?"

"Usiongee bila kunyoosha mkono."

Mtoto akalia. Ionie naye machozi yalimtiririka, huku kidole chake kikiandika tarehe hewani.

Jikoni, mikate ya tortilla iliungua. Bibi Nicolasa Kiingereza hajui hata neno, lakini sauti ya darasani aliijua.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Nimemleta mwalimu peke yake. Mama wa mtoto nimemwacha kule. Binti, mama yako alikupa jina gani?"

"Mwalimu," akajibu Ionie.

Walipekua sanduku, wakapata pasipoti yake, mzee Eulogio akasoma jina. Jioni wakasimama kijitoni, Ionie katikati yao kama mzigo.

"Ionie! Twende. Usibaki."

Maji yakanyamaza.

Akaitika.

Sauti yake mwenyewe, laini, chini ya mawe ya kufulia. Alikuwa anaimba wimbo wa kumlaza mtoto.

"Njoo, mwanangu," bibi akasihi.

"Siji," ikajibu. "Namsubiri wangu."

Siku tatu waliita. Siku tatu aliitika. Hakuja.

Siku ya nne simu ikalia. Kerrian, furaha tele.

"Mama, sasa umepoa! Jana usiku ulipiga ukaniimbia mpaka nikalala, maji yakisikika nyuma yako. Halafu sikia, nyanya amekata tiketi, tunakuja Krismasi! Nitafanya kama ulivyoniambia. Nikishuka tu basi nakimbia mpaka kijitoni, nyanya asinione."

Ionie alishika simu kwa mikono miwili. Mishipa ya shingo ilimsimama. Bibi Nicolasa alisimama mlangoni, anatazama, haelewi, hana la kufanya.

*Usije.* Neno moja tu. *Usije...*

"Vizuri sana," mdomo ukasema. "Rudia, kwa sauti."

Mtoto akarudia. Hakukosea hata kidogo.